Kabla ya kununua kibanio cha kifundo, tazama kiungio

Anayetafuta cha kubania kifundo cha nywele za kipilipili huulizia rangi, ukubwa na kama kitadumu. Kiungio haulizii. Wakati zile nywele fupifupi zinazosimama kisogoni, ambazo kila mtu anazilaumu shampuu, mara nyingi zimekatwa na kiungio: pale ncha mbili za mpira zilipobanwa pamoja kwa kipande cha bati, au pale plastiki ilipotoka kwenye kalibu, kile chombo cha kiwandani kinachoipa umbo, ikaacha ukingo mkali.

Nywele iliyojikunja ni dhaifu kwenye kila kona yake, tena ni kavu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayafiki nchani kirahisi. Na kifundo hakitulii. Ukiegemea kiti cha daladala kinasogea, ukigeuza shingo kinasogea, na kila kikisogea bati linasaga palepale.

Kipimo chake hakina gharama. Weka mkobani kipande cha soksi ndefu ya nailoni, hata iliyochanika. Dukani, kiburute juu ya kiungio, juu ya meno ya kibanio na kwenye ncha za pini. Kikinasa uzi hata mmoja, rudisha. Muuzaji atanuna, anune.

1. Pini za skrubu za chapa ya Goody. Sifichi upendeleo wangu. Ni waya mmoja uliosokotwa, hauna kiungio kabisa, na kifundo cha kawaida hutosheka na pini mbili. Nywele ziwe zimevutwa kwanza, kwa kufungwa uzi usiku au kusokotwa twisti, kwani nywele iliyojikunja yote itajizungushia waya. Sokota kifundo, zungusha pini moja kutoka juu kwenda chini, ya pili kutoka chini kwenda juu, zikutane katikati. Kutoa ni kuzungusha kinyume. Ukivuta moja kwa moja, utatoka na nywele. Za kuiga utazijua kwa ncha: lile tone la plastiki halipo, au linabanduka ukilikwaruza kwa kucha. Pini iliyopoteza tone hilo haifai tena, hata kama ilikuwa Goody halisi.

2. Pini za U, zile nene. Nazo hazina kiungio. Nyembamba zinapinda kwenye nywele nzito, usihangaike nazo. Watu wengi wanaichomeka kama msumari, halafu wanashangaa inateleza. Ishike ncha zikitazama nje, chota nywele chache za ukingo wa kifundo, kisha igeuze na uisukume kuelekea katikati, ikipita karibu na ngozi bila kuichoma. Nne hadi sita zinatosha.

3. Skranchi ya satini. Hapa tatizo limefichwa. Kitambaa kinateleza vizuri, lakini fundi humalizia kwa kushona kwa nje kipande kifupi alichoachia nafasi ya kuingizia mpira. Ukitafute kwa kidole. Kama uzi wake ni mgumu, kigeuze kiangalie nje unapofunga. Mizunguko miwili, isizidi, na kidole kimoja kiweze kupita kati yake na nywele. Usifunge nywele zikiwa zimelowa: zikikauka zinajikunja na kufupika, na ukingo wa paji la uso ndio unaovutwa. Ukingo ukivutwa hivyo miezi na miezi hunyonyoka, na ukichelewa kuacha, nywele zinaweza zisirudi tena.

Kama lazima iwe mpira mtupu, chukua Goody Ouchless, ambao hauna bati. Mpira wa kawaida una adui mwingine: mafuta. Mafuta ya nazi na ya mgando hulainisha raba, ikaanza kunata, kisha ikakatikia ndani ya nywele.

4. Vibanio vya meno. Pitisha kucha kwenye kila jino. Utahisi mstari mwembamba katikati, pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Mstari huo unasawazishwa kwa tupa ya kucha ndani ya dakika chache, jambo ambalo kiwanda kingefanya kama kingejali. Kwa nywele zilizojaa kweli, PuffCuff ya Marekani ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa, na inashika bila kukaza. Ila hiyo ni ya pafu, yaani nywele zilizokusanywa pamoja na kuachwa zifumke. Kifundo kilichosokotwa hakiihitaji.

5. Mipira ya waya wa simu, ile ya plastiki iliyojiviringisha kama waya wa simu ya mezani. Kwenye nywele laini sina ugomvi nayo. Kwenye kipilipili, nywele huingia katikati ya mizunguko na kutoka kwake ni vita.

Vya bei ya chini kabisa: kamba ya kiatu iliyo laini inafaa kuliko sifa zake. Raba ndogo nyeusi za pakiti ni za kukatwa kwa mkasi, si za kuvuliwa.

Sasa bei. Kariakoo kama ilivyo Nairobi, kibanio kilekile kikibandikwa karatasi yenye picha ya msichana mwenye afro na maneno ya Kiingereza kuhusu nywele asilia, bei inaruka. Plastiki ni ileile, kalibu ileile, na mstari ule uko palepale. Afadhali wangetuuzia karatasi peke yake. Halafu pakiti ya pini imebanwa pande zote, hairuhusiwi kufunguliwa, na pini nzuri zimepangwa mbele huku za nyuma zikiwa hazina tone nchani. Ukiuliza unaambiwa, "Dada, mzigo umekuja hivyohivyo." Basi geuza pakiti, zihesabu za nyuma zenye tone, na bei mpatane kwa hizo tu.