ELM327 ya Bluetooth: inamfaa anayejitengenezea gari, au anayemwachia fundi?

Karibuni tena wakuu. Leo mezani kuna hiki kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kina pini 16, na kwenye boksi kimeandikwa ELM327. Unakichomeka kwenye soketi ya gari, na simu yako inasoma kompyuta ya injini inasema nini. Kwa kawaida bei yake ni chini ya galoni moja ya oili nzuri. Swali linaloulizwa sana ni hili: mtu asiyegusa spana ana haja nacho kweli? Au hiki ni cha wale wanaoshinda Jumamosi nzima chini ya gari?

Msimamo wangu nautoa mapema. Asiyegusa spana ndiye atakayerudisha hela yake haraka zaidi. Anayejitengenezea atafaidika pia, ila kwa sharti moja: aache kukitumia kusoma namba za hitilafu peke yake.

Tuanze na kidude chenyewe. ELM327 ilikuwa chipu ya kampuni ya ELM Electronics ya Kanada. Vinavyouzwa madukani sasa, karibu vyote ni kopi za Kichina. Kuwa kopi si tatizo, tatizo ni kwamba kopi hazifanani. Utakuta kimeandikwa toleo 1.5. Kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo 1.5, iliruka kutoka 1.4 hadi 2.0. Cha kuchekesha ni kwamba kopi nyingi za "1.5" zinafanya kazi vizuri kuliko zile zilizoandikwa "2.1", kwa sababu nyingi za hizo 2.1 zimepunguziwa amri ndani. Zinaunganika na simu vizuri kabisa, halafu zinashindwa kuongea na gari la zamani. Ukiweza kupata iliyoandikwa kuwa ndani ina chipu ya PIC18F25K80, chukua hiyo.

Simu yako ni ya aina gani? Android inakubali hii ya Bluetooth ya kawaida, namba ya siri ni 1234 au 0000. iPhone haikubali hii, inahitaji ya Wi-Fi au ile ya Bluetooth ya nguvu ndogo. Ya Wi-Fi ina usumbufu wake: simu ikishajiunga nayo, mara nyingi intaneti inakata mpaka uitoe. Programu za simu zipo za bure, Car Scanner inatosha kuanzia.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wengi huku kwetu, na wauzaji hawalisemi. Magari yetu mengi yametoka Japani, yametengenezwa kwa soko la Japani. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, yaani lugha moja ya kompyuta ya gari kuongea na kipimo, kwa magari yote ya kuanzia modeli za 1996. Japani ilikuwa na taratibu zake. Kwa hiyo IST, Vitz ya zamani, Spacio au Premio ya miaka ya 2002 hadi 2006 ina soketi ileile ya pini 16 chini ya usukani, unachomeka, taa ya kidude inawaka, simu inaunganika, halafu programu inakwambia haioni kompyuta ya gari. Unarudi dukani kugombana na muuzaji bure. Kwenye Car Scanner kuna mahali pa kuchagua gari lako. Tafuta Toyota ya soko la Japani, usiache kwenye OBD2 ya kawaida. Baadhi zitakubali, baadhi hazitakubali hata ufanyeje. Magari ya kuanzia 2008 kwenda mbele yana nafuu kubwa.

Na kama Toyota yako ya zamani imegoma kabisa, kuna njia isiyo na gharama. Itazame soketi kwa mbele, safu pana ikiwa juu. Pini za juu zinahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, za chini 9 hadi 16. Chukua kipande cha waya, swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini ya 4, yaani ya nne safu ya juu, na pini ya 13, ya tano safu ya chini. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya cheki injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika kidogo, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni. 41 ni sensa ya throtoli. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiigusisha na ya 4 fyuzi inakwenda.

Haya, kidude kimekubali, umesoma namba. Hapa ndipo wapenda magari wanaojitengenezea wanapopoteza hela nyingi kuliko hata wale wa gereji. Namba haikutajii kifaa kibovu. Inakutajia hali ambayo kompyuta imeiona. Chukua P0171. Maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Mtu anaitafuta mtandaoni, anakuta neno oksijeni, anakwenda Kariakoo au Kirinyaga Road, ananunua sensa ya oksijeni, anafunga, anafuta namba, taa inazima. Baada ya siku kadhaa inarudi. Ile sensa ilikuwa inasema kweli, na yeye amembadilisha shahidi.

Fanya hivi. Washa injini ipate moto, fungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja, weka STFT na LTFT kwenye skrini. Hivyo ni vipimo vya kompyuta kuongeza au kupunguza mafuta, cha kwanza ni cha papo hapo, cha pili ni cha muda mrefu. Vijumlishe. Ukipata kati ya -5 na +5, gari liko vizuri. Hadi 10 linavumilika. Likifika +20 na zaidi, P0171 iko mlangoni.

Sasa angalia jumla hiyo mara mbili: kwanza gari likiwa sailensa, hujakanyaga mafuta, halafu ukishikilia injini kwenye mzunguko wa 2,500 kwa dakika. Kama sailensa inasoma +22 na kwenye 2,500 inashuka hadi +4, injini inavuta hewa ya wizi. Mpira umepasuka, gasketi ya manifodi imechoka, au bomba la hewa lina ufa kati ya sensa ya hewa na throtoli. Inashuka kwa sababu lile tundu ni lilelile, ila injini sasa inavuta hewa nyingi kwenye njia yake halali, kwa hiyo ule wizi unakuwa sehemu ndogo ya jumla. Kama mambo ni kinyume, sailensa iko +5 na inapanda kadiri unavyokanyaga au unavyopanda mlima, tatizo ni mafuta hayafiki ya kutosha, yaani pampu imechoka au filta imeziba, au sensa ya hewa ni chafu na inahesabu pungufu. Sensa ya hewa isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse kwa kitambaa wala pamba, ule waya wa ndani ni mwembamba sana. Iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Unaona tofauti? Kipimo hicho hakijagharimu hata shilingi, na kimekata orodha ya washukiwa katikati.

Gari likimisi, yaani silinda ikiruka kuwaka, nalo lina utaratibu wake. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Haisemi koili, haisemi pulagi. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya 1.5 iliyopo kwenye IST na wenzake, kila silinda ina koili yake, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Zima gari, lipoe. Hamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, ya pili ilete ya kwanza. Futa namba, endesha. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu, na umejua kabla ya kununua. Ikibaki P0301, rudia kwa pulagi, soketi ndefu ya namba 16. Pulagi ianze kuingia kwa vidole, isikubali kulazimishwa, maana hedi ni ya aluminiamu na uzi wake ukiliwa umejitafutia kazi kubwa. Zile za Denso zinazoishia na 11 zina nafasi ya milimita 1.1. Bado inamisi silinda ileile? Basi ni nozeli au kompresheni, na hapo kama huna geji ya kompresheni, mpelekee fundi. Hakuna aibu.

P0420 naipita haraka. Inahusu masega kwenye ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter). Kabla ya kulaumu sensa, hakikisha kwanza masega yenyewe yamo. Magari mengi yameshatolewa masega.

Kwa wale msiogusa spana, kuna kipimo kimoja ambacho hata kama hamtafanya kingine chochote, kifanyeni: joto la maji. Kuna tabia ya gari likichemsha, linatolewa themostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kurudishwa barabarani. Themostati ya 1NZ inafunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kwa hiyo gari likishapata moto, kwenye barabara kuu linatakiwa kukaa hapo au juu kidogo. Chomeka kidude, tembea kilometa kumi na kitu bila foleni. Ukiona joto linaelea kwenye 60 na kitu, na likisimama foleni ndipo linapanda, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Mshale wa dashibodi hautakuonyesha vizuri, na magari mengi hayana hata mshale, yana taa ya bluu na nyekundu basi. Kompyuta inadhani injini bado ina baridi, inaendelea kuongeza mafuta, na wewe unalalamika gari linakunywa. Tatizo la kuchemsha lenyewe, iwe rejeta, feni au kifuniko cha rejeta, mara nyingi bado liko palepale.

Matumizi ya pili kwenu ni siku ya kununua gari lililotumika. Muuzaji anaweza kufuta namba dakika tano kabla hujafika, taa ikazima. Ila kufuta kunaacha alama. Ingia kwenye sehemu ya utayari wa mifumo. Gari lililotembea kawaida, mifumo mingi inaonyesha imekamilisha kujipima. Likiwa limefutwa juzi, mifumo kadhaa itaonyesha bado. Magari mengi pia yanatoa kilometa zilizotembewa tangu namba zifutwe. Ukikuta kilometa 3, uliza. Kuwa mwangalifu kidogo: kuchomoa betri kunafuta pia, na gari lililotoka melini juzi huenda betri ilichomolewa. Si ushahidi wa kumfunga mtu. Ni sababu ya kuomba uliendeshe zaidi na uje upime tena.

Na gereji, kabla fundi hajagusa chochote, piga picha ya skrini ya namba zote, pamoja na zile takwimu zilizohifadhiwa taa ilipowaka: mwendo, mzunguko, joto. Fundi akichomoa terminali ya betri kuzima taa, hizo zote zinapotea, na fundi wa pili anaanza gizani. Akikwambia badilisha kifaa fulani, muulize kwa upole amepima nini. Fundi mzuri hachukii swali hilo.

Mapungufu. Kwa programu za kawaida hakisomi mifuko ya hewa, na ABS kinasoma kwenye magari machache. Hakitengenezi funguo. Volti kinazoonyesha zinaweza kupishana na multimita kwa sehemu chache za kumi, kwa hiyo ukiona 13.4 badala ya 13.7 gari likiwaka, usikimbilie kubadilisha alteneta. Ukiona 12.3 na inazidi kushuka, hapo wasiwasi ni halali. Na usikiache kimechomekwa. Pini ya 16 ina umeme hata swichi ikizimwa, na gari lisilotumika wiki nzima unaweza kulikuta limelala. Zaidi ya hapo, kiko karibu na goti la kushoto au la kulia la dereva, ukikigonga kwa mguu soketi yenyewe inalegea.

Ukienda kununua, usilipe kabla ya kujaribu. Nenda na gari, au angalau gari la mtu lililopo nje ya duka, programu ikiwa tayari kwenye simu. Chomeka, washa injini, angalia vitu vitatu: kinasoma mzunguko wa injini, kinasoma joto la maji, na ukikanyaga mafuta kidogo namba ya mzunguko inafuata bila kuchelewa sekunde mbili tatu. Kikichelewa, omba kingine kwenye boksi hilohilo, mara nyingi vinatofautiana.