Vifaa vya kuishi chomboni Kilifi: nilivyonunua na ninavyoviona sasa

Mimi na mume wangu tunaishi kwenye yoti ya faiba ya futi 34 iliyotia nanga katika hori la Kilifi. Ilijengwa Ulaya miaka ya 1980, na ukiingia ndani utajua: madirisha madogo, milango ya kubana, kila kitu kimepangwa kuzuia baridi. Huku kwetu kinachomtoa mtu chomboni ni joto. Ushauri mwingi wa vifaa vya kuishi baharini umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wao huanza na betri na jokofu. Kwa pwani yetu naomba uanze na kivuli, halafu hewa, na umeme uje wa tatu.

Turubai ndilo nililolipia kwa furaha kuliko vyote. Gharama yake, kitambaa na ushonaji pamoja, haikufika robo ya bei ya betri. Fundi wetu ni mzee wa Takaungu aliyezoea kushona matanga. Alipanda na kamba yenye mafundo, akapima kutoka mlingotini hadi shetri, yaani nyuma ya chombo, akapima kimo changu nikiwa nimesimama, kisha akaniuliza: "Mama, jua la saa tisa linakupata upande gani?" Swali hilo hakuna duka lililowahi kuniuliza, na jibu lake hubadilika na msimu. Chombo kikiwa nangani huelekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo. Wakati wa kusi jua la alasiri hutuingilia nyuma upande wa kulia, na kaskazi ikishika huhamia kushoto. Basi akatushonea pazia moja la pembeni lenye vitanzi, tunalihamisha upande kulingana na upepo. Hatukulazimika kulipia mawili.

Kwenye kitambaa chukua kile cha akriliki cha kuvumilia jua, rangi nyeupe au ya mchanga. Maturubai ya plastiki ya dukani ni rahisi, lakini hupigapiga usiku kucha na jua huyakausha upesi yakapasuka. Usisahau uzi, maana kitambaa kinaweza kuwa kizima na mishono ikawa imeoza kwa jua. Na acha nafasi ya kutosha baina ya turubai na sitaha ili upepo upite. Jambo jingine zuri: wakati wa masika turubai hilohilo hutuvunia maji. Tumeweka tundu na mpira katikati, maji ya kwanza tunayaacha yasafishe vumbi na chumvi, yanayofuata yanakwenda tangini.

Hewa nayo. Juu ya tundu la mbele watu huweka kitanga cha kunasia upepo, na vingi vinavyouzwa vina mdomo mmoja wa kuelekea mbele. Katika hori hilo ni tatizo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huwa na nguvu, na upepo ukilegea chombo hugeukia maji, kikaupa upepo ubavu. Kitanga cha mdomo mmoja hapo hakinasi kitu. Tulichagua chenye midomo minne, na usiku wa maji kupwa kwa kasi ndipo ninapokishukuru zaidi. Ndani tuna feni mbili ndogo za volti 12 zilizotengenezwa kwa vyombo. Kila moja ikiwa polepole hula chini ya nusu ampea, hazina kelele, na hazijapata kutu. Nyota tano bila kusita.

Sasa umeme. Tumefunga paneli mbili za wati 200 kwenye fremu ya shetri, mbali na kivuli cha mlingoti, kwa sababu kivuli chembamba tu kikilala juu ya paneli umeme hushuka vibaya. Kila paneli ina kontrola yake ya MPPT, kifaa cha kurekebisha umeme wa jua kabla haujaingia betrini, moja ikipata kivuli nyingine inaendelea na kazi. Betri ni za lithiamu aina ya LiFePO4. Zile za asidi ukitaka zidumu hutumii zaidi ya nusu ya ujazo wake, za lithiamu unaweza kwenda hadi asilimia 80 bila kuzidhuru, na uzito wake ni mdogo sana. Ila ulizia mapema suala la injini: lithiamu huvuta umeme mwingi mfululizo mpaka altaneta, jenereta ndogo ya injini, inaweza kuungua. Tuliweka chaja ya DC kwa DC katikati, ya kupunguza umeme unaovutwa, na ningemshauri yeyote asikubali kufungiwa betri hizi bila hiyo. Fyuzi kubwa nayo ikae karibu kabisa na betri.

Kero yangu ni kwenye waya. Muuzaji mmoja Mombasa alinihakikishia kuwa waya wake ni wa baharini, na bei ilikuwa ya baharini kweli. Nilikwangua ncha kwa kisu palepale kaunta: shaba nyekundu tupu. Waya wa chombo huwa umepakwa bati, ukikwangua gamba la nje nyuzi zinang'aa kama fedha. Shaba tupu kwenye hewa ya chumvi hugeuka kijani na kuliwa ndani kwa ndani, na hitilafu yake hujitokeza usiku, ukiwa na mvua. Rafiki, nenda na kisu.

Jokofu la volti 12 la kompresa ni zuri, mradi lifunguke kwa juu. La mlango wa mbele ukifungua tu baridi yote inamwagika miguuni. Kompresa huvuta kama ampea nne, na kwa joto letu huwaka zaidi ya nusu ya siku, kwa hiyo tenga ampea saa 50 kwa siku kwa samaki na maziwa peke yake. Turubai lilipowekwa, jokofu lilianza kupumzika zaidi. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio ule wa mwanzo: ukianza na kivuli, unanunua betri chache.

Godoro ni sponji ngumu iliyokatwa kufuata umbo la kitanda, na chini yake kuna wavu mgumu wa kupitisha hewa ili lisiote ukungu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unakaa kwenye boksi la nje lenye tundu la kutokea baharini. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani hutuama kwenye ngama, chini kabisa mwa chombo, ikingoja cheche tu. King'amuzi cha gesi kifungwe chini, karibu na sakafu.

Choo tumebadilisha kikawa kikavu, kinachotenganisha haja ndogo na kubwa. Maji ya hori hili watu wanavua humo na watoto wanaoga, sikutaka uchafu wetu uende huko. Mwongozo unataka nyuzi za makumbi zilizoshindiliwa kwenye pakiti, za kuagiza ng'ambo kwa bei ya ajabu. Sisi tunachukua makumbi ya nazi kijijini, tunayachambua na kuyakausha sitahani, yanafanya kazi ileile na harufu hakuna. Mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa sijanunua. Bei yake ni ya betri zetu zote na zaidi, na madumu yanajazwa hapo ufukweni.