Kozi ya Kitaliano ya usiku Mkunazini: feni bovu, mwalimu moto

Asalaam alaykum jamani. Vijana wenzangu wa kutembeza wageni mmeniuliza sana kuhusu ile kozi ya Kitaliano niliyokuwa naisoma Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome, jina la skuli sitaji na msinifuate inboksi kwa hilo, wenye kupita njia ile mshaijua.

Naanza na mabaya. Darasa liko ghorofa ya pili, ngazi zile za mbao za kizamani na taa hakuna, unapanda huku unapapasa ukuta. Feni moja, kelele kama mashine ya kusaga na upepo hautoi. Pesa wanataka ya miezi mitatu kwa mpigo, elfu 45 kila mwezi, na mie katikati niliumwa wiki mbili nzima, nikauliza nifidiwe nikaambiwa "kozi haisubiri mtu". Kitabu ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, kurasa nyengine unaona kivuli tu unakisia. Cheti hadi leo naambiwa njoo wiki ijayo.

Sasa mwalimu. Mtu mzima huyu, kafanya kazi mahotelini Kiwengwa miaka na miaka, Kitaliano kakiokota jikoni na ufukweni kisha ndo akakaa na vitabu, na mapenzi yake ni maneno yenyewe. Neno akilishika halifundishi akaliacha, analifuata linakotoka na linakokwenda na nyie mnabururwa nyuma yake hadi adhana ya isha.

Nitakupeni usiku mmoja tu. Mwezi wa pili wa kozi, jamaa mmoja darasani (zamani alikuwa papasi, yaani mtembeza wageni wa mitaani asiye na leseni, sasa anayo, mashaallah) akatoa kisa chake, kwamba kampeleka Mtaliano duka la vitu vya kale, mgeni kasimama mbele ya kasha la misumari ya shaba kauliza "quanto vale?", jamaa akamtajia bei, mgeni akacheka akasema hapana, hiyo ingekuwa "quanto costa". Mwalimu akaweka chaki chini. Akasema mgeni wako alitaka ajue kasha lina thamani gani, weye umemwambia mwenye duka anataka shilingi ngapi, na hayo mawili hapa mjini hayajawahi kukutana. Tulicheka wallahi.

Halafu ndo akaanza. Hilo "vale" limetoka neno la Kilatini "valere", maana yake kuwa na nguvu, kuwa mzima wa afya, na pia kuwa na thamani. Warumi wakiagana walikuwa wanasema "vale", yaani kaa na nguvu zako, uwe mzima, na Cicero, msemaji mkubwa wa Warumi wa kale, barua zake nyingi alizimalizia hivyo hivyo, kama sie tunavyosema kwa heri. Kutoka hapo likazaliwa "valor", na kwa Kitaliano "valore", ambalo ni thamani na ni ushujaa pia, neno moja hilo hilo. Dada mmoja wa Jang'ombe akakataa kabisa, vipi ushujaa na bei ya tungule viwe neno moja? Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili, hajamtolea kitabu. Kwani sie hatusemi shilingi imepungua nguvu? Hatusemi hoja yako haina nguvu, sheria ile haina nguvu tena? Nguvu ikikaa kwa mtu anaitwa shujaa, ikikaa kwa kitu kinaitwa cha thamani, Kilatini kimeviacha chumba kimoja, sie tumechukua vyumba viwili kwa Mwarabu, thamani kivyake na shujaa kivyake. Dada akanyamaza ila uso ulikuwa bado unabisha.

Kilichonishika mie ni mifano. Italia kuna nishani ya kijeshi inaitwa ya "valor militare", ilianzishwa 1793 na mfalme wa Sardinia, anapewa askari aliyefanya ushujaa vitani. Na risiti ya mgahawa huko huko Italia ina IVA, na ile V ni "valore" pia, kodi ya ongezeko la thamani. Yaani neno moja liko kifuani kwa shujaa na liko chini ya risiti ya pitsa! Wafaransa ndo walioanza kodi hii mwaka 1954, wao V yao ni "valeur", na V ya VAT tunayolia nayo sie kila siku imetoka ukoo huo huo.

Waingereza wao walipata neno mara mbili kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi yao 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, moja likawa "value" la sokoni na jengine "valour" la vitani, kwa hiyo kilichokuwa kimoja kwao kimegawika kama kwetu. Mhispania hakugawa, "valor" ni vyote viwili, na "vale" kwake imekuwa "sawa, poa", ndo maana wageni wa Kihispania unawasikia vale vale vale kutwa nzima, mie miaka yote nilidhani wanamwita mtu. Mtoto wa Kitaliano akionewa kwenye mchezo anapiga kelele "non vale!", hiyo haihesabiwi. Pesa za kigeni Kitaliano ni "valuta", na neno hilo likasafiri likaenda Kijerumani, Kirusi, Kipolandi mpaka Indonesia. Wale waliosoma sayansi wakakumbuka valensi ya kemia, kaboni 4 oksijeni 2, nguvu ya atomu kushikana na wenziwe, nayo humo humo. Mie kemia nilipata F lakini usiku ule nilielewa.

Kuna mtu akarukia kwamba basi na liwali ni neno hilo hilo, mwalimu akamkata, liwali ni Kiarabu, al-wali, kufanana sauti si udugu. Hapo ndo nilimwamini zaidi, maana walimu wengine wangelikubali ili kipindi kinoge.

Na Wareno je? Hili niliuliza mie. Walikuwepo hapa tangu 1503 mpaka 1698 wanafukuzwa Mombasa, karibu miaka 200, wakatuachia meza, leso, bendera, karata, na gereza ambalo asili yake kwao ni kanisa, na Ngome Kongwe yenyewe Waomani waliijenga pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Lakini "valor" wanalo na hawakutuachia! Mwalimu akasema mtu hukopa neno la kitu asichokuwa nacho. Kwa meza sawa. Ila mie Mpemba, nikamwambia kwetu kuna mchezo wa ng'ombe ambao wazee wanasema ni wa Wareno, dume linachezewa na wala haliuliwi, na anayeingia uwanjani tunamsifu kwa maneno yetu wenyewe, hatukungoja ya Mreno. Akasema haya, andika hilo. Sikuandika, kalamu ilikuwa imekwisha wino.

Haya, nyota. Nampa tatu kati ya tano na zote tatu ni za mwalimu, skuli yenyewe isijihesabie hata nusu. Kama unataka sarufi iliyopangika na mtihani na cheti cha kupeleka hotelini, nenda kwengine, hapa utasononeka. Kama unatembeza wageni na unataka siku ukiulizwa "quanto vale" usitaje bei kwanza, lipa hiyo elfu 45 zako, lakini ng'ang'ania mwezi mmoja mmoja, mwenzangu mmoja alisimama hapo hapo mlangoni akakataa kulipa mitatu na wakamkubalia.

Darasa jipya linaanza katikati ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Nendeni mapema mkakae dirishani, kiti cha chini ya feni mwachieni aliyechelewa.