Python 3.10 ndani ya CentOS 7: nimeikompaili mara nne ndo ikakubali

Naipa nyota 3 na nusu kati ya 5, na sio kwamba Python, hii lugha ya kuandikia programu, ni mbovu, hapana, ila ule mchakato wa kuijenga kwenye mfumo wa zamani una mitego ya kimya kimya ambayo inakula siku yako nzima.

Seva yenyewe ni CentOS 7, toleo la Linux, ile ambayo sapoti yake ilikata tarehe 30 Juni 2024, na uamuzi wa kuihamishia mfumo mpya haukuwa wangu. Python inayokuja nayo ni 2.7.5 na mimi programu yangu inataka 3.10. Nikasema ah, si naikompaili tu kutoka kwenye sosi, yaani naijenga mwenyewe kutoka msimbo wake, kazi ya nusu saa. Hata yum yenyewe, chombo cha kusakinishia programu, ilikuwa imegoma kwa sababu anwani za zamani za kupakulia hazipo tena, ikabidi kwanza nielekeze faili za repo kwa vault.centos.org. Hapo hata sijaanza.

Mara ya kwanza nilijifanya fundi nikaweka --enable-optimizations, si unataka iende kasi. Ikafika katikati ikafa ikilalamikia moduli ya runpy. Nimehangaika weee kumbe tatizo ni GCC, ndo kompaila yenyewe, ile 4.8.5 ya CentOS 7 ni ya kizamani na haipatani na hiyo flagi. Nikaitoa ikapita. Mara ya pili ikakwama kwenye zlib, laibrari ya kubana data, hiyo kosa langu, sikuweka zlib-devel, na ukiwa huko weka kabisa libffi-devel, bzip2-devel, readline-devel na sqlite-devel usije ukarudi kila saa.

Mara ya tatu sasa ndo iliniuma. configure (ya kuandaa) imepita, make (ya kujenga) imeisha bila kugoma, make altinstall (ya kusakinisha) safi, nikaandika python3.10 ikafunguka, nikafurahi nikaenda kupumzika. Narudi naita pip, chombo cha kupakulia paketi za Python, inajaribu inajaribu inarudia, mwisho inasema moduli ya ssl, ile ya mawasiliano salama ya mtandao, haipo! Yaani haipo kivipi wakati nimeweka openssl-devel? Nikapandisha juu maandishi ya make, mistari mamia, karibu na mwisho kabisa kuna kamstari kamejificha kanasema ssl haikujengwa maana Python inataka OpenSSL, laibrari inayotumiwa na hiyo ssl, 1.1.1 au zaidi. CentOS 7 ina 1.0.2k. Kuanzia 3.10 walikata hizo za zamani, na wala silaumu uamuzi wao, ila jamani kitu kizito hivyo si mngesimamisha make pale pale? Unaniacha nasherehekea Python isiyoweza hata kupakua paketi moja.

Dawa yake haikuwa ngumu. Nilichukua OpenSSL 1.1.1w nikaikompaili kwenye folda yake peke yake, /opt/openssl11, bila kugusa ile ya mfumo, maana ile ya mfumo ukiichokonoa hata ssh inaweza kukufungia nje. Halafu Python nikaikonfiga hivi:

./configure --prefix=/opt/python310 --with-openssl=/opt/openssl11 --with-openssl-rpath=auto

Hiyo rpath ndo watu wengi wanaisahau, bila hiyo inajengwa vizuri halafu ikiwaka haioni laibrari zake ziko wapi. Kabla ya make nikafuta folda nzima nikafungua sosi upya, mabaki ya jaribio la nyuma yanachanganya mambo. Ikaisha nikaandika

/opt/python310/bin/python3.10 -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"

ikanijibu 1.1.1w. Nilipiga makofi peke yangu.

Alafu kitu kingine, tumia altinstall usitumie install, maana altinstall haifuniki amri ya python3 iliyopo, na usithubutu kuigeuza /usr/bin/python ielekee kwenye mpya. Mimi nilishawahi kufanya hivyo zamani kwenye mashine nyingine, yum ikafa hapo hapo kwa sababu imeandikwa kwa Python 2, na unaitengenezaje wakati chombo cha kusakinishia ndo hicho kimekufa.

Tangu nimeiweka inapiga kazi bila kelele. Seva ya pili yenye CentOS 7 hiyo hiyo sikukompaili tena, nilibeba zile folda mbili za /opt nikaziweka mahali pale pale, ikawaka mara ya kwanza.