Nilivyozipima kasino za simu nikiwa Kondele

Nina duka la M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, na swali ninaloulizwa sana na vijana wa boda halihusu ada za kutoa pesa. Huniuliza, "Omera, kasino gani inalipa?" Mimi mwenyewe hucheza kidogo jioni nikishafunga hesabu, kwa hiyo nimezionja tatu kwa dau dogo. Majina nayaacha, maana tovuti yaweza kubadili jina wiki ijayo na tabia ikabaki ile ile.

Kipimo changu ni kutoa pesa. Naweka kidogo, nacheza raundi chache, halafu naomba salio lirudi kwenye simu, niwe nimeshinda au nimeshindwa. Kupokea pesa kila kasino inaweza. Ya kwanza ilinilipa kabla sijamaliza kumhudumia mteja aliyekuwa dirishani.

Ya pili ilinifungulia akaunti bila kuuliza kitambulisho wala umri, ilhali sheria yetu inataka mchezaji awe ametimiza miaka 18. Nilipoomba pesa zangu ndipo ikakumbuka kitambulisho: picha ya mbele, ya nyuma, kisha ya uso, kisha nikaambiwa picha zina ukungu. Salio likakaa "linashughulikiwa". Kando yake kukawa na kitufe kikubwa cha kijani cha kughairi ombi, na ahadi ya bonasi nikighairi. Hapo ndipo niliposhika nia yao. Wanakuchelewesha ili mkono ukuwashe, urudishe pesa mchezoni mwenyewe. Nililipwa hatimaye, baada ya kulalamika sana, lakini sirudi.

Ya tatu sikuweka hata shilingi, kwa sababu pesa zilitakiwa zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kampuni yenye leseni hutumia namba ya biashara, na M-Pesa hukuonyesha jina kabla pesa hazijaondoka. Jina hilo lisome, ulilinganishe na jina la kampuni lililoandikwa chini kabisa ya tovuti. Kijana mmoja wa stendi alikuwa amejisajili humo. Skrini yake ilisema ameshinda 48,000, na mhudumu wa gumzo alimtaka atume kwanza 2,400 za kodi ndipo alipwe. Alikuja dukani kwangu kuweka hizo 2,400 kwenye simu. Nikamweleza kwamba kodi ya kamari hukatwa na kampuni yenyewe ndani ya pesa zako na kupelekwa KRA, mamlaka ya mapato, huombwi uitume mbele. Akanitazama kama mtu anayeonewa wivu, akaondoka na noti zake. Alikokwenda kuziweka sijui.

Kuhusu kodi, wengi bado wana hesabu za zamani. Tangu Julai 2025 ushuru ni asilimia 5 ya pesa unazoweka, na asilimia 5 nyingine hukatwa unapozitoa. Ukiweka 1,000, takribani 950 ndizo zinazoingia mchezoni. Ukizitoa hizo hizo bila kushinda wala kupoteza, unabaki na kama 900. Kuna kampuni zinazokubebea ushuru wa kuweka, na ni jambo la kuulizia.

Sasa ndege. Ukisema kasino kwa vijana wa hapa, wanaelewa Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe uliotoka 2019: ndege inapaa, mgao unapanda nayo, na unatakiwa utoe pesa kabla haijapotea. Watengenezaji wanasema unarudisha asilimia 97, na watu husikia 97 wakadhani ni nafasi yao ya kushinda. Maana yake ni kwamba katika kila 100 inayochezwa, 3 zinabaki nyumbani kwa mwenye kasino, kwa wastani wa raundi nyingi mno. Zungusha ile ile 100 yote mara 20, na kwa wastani huo imebaki kama 54. Raundi 20 za ndege hazimalizi chai. Kwa hiyo hata kasino safi kabisa inakula. Uaminifu wake ni kwamba haikuli zaidi ya ilichokuambia.

Wale wanaouza kwenye Telegram programu za kutabiri ndege itapotelea wapi ni wachezesha pata potea waliohamia mtandaoni. Matokeo ya kila raundi hutokana na msimbo wa siri wa seva, yaani kompyuta ya mchezo, ukichanganywa na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Kabla hao hawajaweka, hakuna cha kutabiri. Ukipenda ruleti, ule mchezo wa gurudumu la namba, tafuta yenye sifuri moja, vyumba 37. Ile ya Kimarekani ina 38 na karibu huongeza maradufu mgao wa kasino.

Bonasi mimi huzikataa. Chukua ya shilingi 500 yenye sharti la kuizungusha mara 30. Hapo umetakiwa kucheza madau ya 15,000, na hata kwenye mchezo wa asilimia 97 utapoteza kama 450 kwa wastani ukiyatimiza. Zawadi gani hiyo?

Leseni nazo zikaguliwe. Kwa miaka mingi mwenye kutoa alikuwa BCLB, bodi ya serikali ya kusimamia kamari, chini ya sheria ya 1966, na Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya inayounda mamlaka ya kuchukua kazi hiyo. Muhuri wa leseni ya Curaçao, kisiwa cha huko Karibiani, chini ya ukurasa hauna msaada kwa mtu wa Kisumu aliyenyimwa pesa, atamlalamikia nani? Lakini hata leseni ya Kenya isikufanye uweke akiba humo. Julai 2019 kampuni kadhaa kubwa zilinyimwa leseni mpya, na serikali ikaagiza namba zao za malipo zifungwe. Nikishinda kitu, nakitoa siku hiyo hiyo.

Ile ya kwanza naipa nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama isingeficha mahali pa kujiwekea kikomo cha siku. Nilikipata chini kabisa ya mipangilio, baada ya kanuni ambazo hakuna anayezisoma. Nilijiwekea 200. Usiku huo ikanitumia ujumbe kuniuliza kama ningependa kukipandisha.