Hamira kavu za bia: uzoefu wangu katika gereji isiyo na friji

Natengeneza bia ya kunywa nyumbani hapa Leeds, Uingereza, ambako tangu 1963 mtu hahitaji leseni ilimradi haiuzi. Kwa kuwa gereji yangu haina friji ya kuchachushia, huangalia kipimajoto kwanza, ndipo nichague hamira, na aina ya bia hufuata. Wauzaji hupanga pakiti zao kwa majina ya bia, mpangilio ambao kwa maoni yangu unamfaa zaidi mwenye vifaa vya kudhibiti joto.

Majira ya kuchipua, gereji ikiwa kwenye nyuzi 18 hivi, hutumia hamira ya SafAle S-04 kwa bia za Kiingereza za rangi ya shaba. Huanza kazi upesi, huacha harufu kidogo ya matunda, na sifa yake kubwa ni kutuama: mashapo hushikamana chini ya chupa hata unaweza kumimina karibu yote na glasi ikabaki angavu. Hamira ya US-05 haitulii hivyo, na ukiigusa chupa vibaya wingu hupanda. Hata hivyo, kwa bia za Kimarekani zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) naipendelea hiyo, kwa sababu haina makeke, huziachia hopsi nafasi, na hula sukari nyingi ya kimea hata utamu usisalie.

Hamira ya WB-06 ni ya bia ya ngano, na harufu yake ya karafuu mtu wa Unguja angeitambua kabla ya kuonja. Inataka subira, kwani ina uwezo wa kuendelea kula sukari ambazo hamira nyingine huziacha. Ukijaza chupa kabla kipimo cha uzito wa kimiminika, ambao hushuka kadiri sukari inavyoliwa, hakijasimama kwa siku kadhaa mfululizo, gesi itazidi na chupa inaweza kupasuka.

Niliyoridhika nayo kuliko zote ni W-34/70, yenye asili ya Weihenstephan, Ujerumani. Wengi huogopa lager, bia inayochachushwa kwenye baridi, wakidhani haiwezekani bila friji, ilhali hamira hii hufanya kazi safi kati ya nyuzi 12 na 18, na majira ya baridi karibu na ukuta wa jikoni gereji yangu hukaa humo humo. Uchachushaji ukikaribia kwisha, mimi huingiza ndoo ndani penye joto zaidi ili ladha ya siagi inayotokana na uchachushaji iondoke. Gharama yake tu ndiyo huongezeka: kwa lita 20, pakiti moja ya gramu 11.5 hutosha kwa S-04 au US-05, lakini kwa lager mimi hutia mbili.

Zote hizi huzinyunyizia moja kwa moja juu ya maji ya kimea yaliyopoa, bila kuziloweka kwanza. Ukibakiza hamira, funga pakiti vizuri, iweke kwenye friji ya jikoni kwa nyuzi 4, na uitumie ndani ya siku 7.