TAHADHARI: Pateni za fulana za PDF ambazo hazishoneki

Kuna wauzaji wa mitandaoni wanaouza pateni (michoro ya kukatia nguo) za fulana za kitambaa cha kuvutika ambazo hakuna aliyewahi kuzishona, hata wao wenyewe. Picha ya tangazo imetengenezwa kwa akili unde au imechotwa kwenye duka la nguo zilizo tayari, na ndani ya faili mna mistari iliyochorwa ifanane tu na pateni. Anayeumia zaidi ni mshonaji mgeni. Fulana ikimharibikia anajilaumu, na muuzaji anamalizia kwa kumwambia hakukata vizuri.

Anza na picha: ikuze. Dalili za uongo ni hizi. Bega moja lina mshono, jingine halina. Mistari ya kitambaa inayeyuka kwapani badala ya kukatwa na mshono. Mgongo hauonyeshwi, wala hakuna mchoro wa mistari mitupu wa kuonyesha mishono ilipo. Duka lililoweka mamia ya pateni ndani ya wiki chache nalo lishuku, maana pateni moja tu kuichora, kuipanga kwa saizi zote na kuwapa watu waijaribu ni kazi ndefu.

Kabla ya kulipa muulize muuzaji mambo matatu: kitambaa kivutike kwa asilimia ngapi, akiba ya mshono (kitambaa kinachoachwa nje ya mstari wa kushona) ni kiasi gani na je imo ndani ya pateni, na fulana ikishakamilika kifua chake ni sentimita ngapi kwa saizi yako. Aliyeichora kweli ameshayaandika haya. Tapeli atakujibu "kitambaa chochote laini" na "inakaa kila mwili".

Swali la kuvutika ndilo linalowaumbua wengi. Kunja kitambaa, pima 10 cm kwa upana, kisha vuta bila kulazimisha. Kikifika 15 cm, kinavutika asilimia 50. Kikiishia 12 cm, ni asilimia 20. Sasa chukua mkanda wa shingo, yaani kipande kinachoshonwa kuzunguka shingo ya fulana, wa 46 cm. Kwa kitambaa cha kwanza unafika 69 cm, kichwa kinapita bila shida. Kwa cha pili unafika 55 cm, na kichwa cha mtu mzima cha 56 au 57 cm kinakwama. Ukiambiwa "kitambaa chochote", umeuziwa bahati nasibu.

Umeshanunua? Mkasi usubiri. Chapisha kwa asilimia 100, usiruhusu printa ijipangie ukubwa, kisha pima kisanduku cha majaribio, yaani mraba wenye kipimo kinachojulikana unaochorwa kwenye pateni. Kama cha 10 cm kimetoka 9.4 cm, hapo kosa ni la uchapishaji na muuzaji hana hatia. Ukikata hivyo, kifua cha 96 cm kitabaki kama 90 cm. Kama kisanduku hakipo kabisa, hilo ni la muuzaji.

Kisha pima mishono inayokutana. Pima pale sindano itakapopita, si ukingo wa karatasi, na kwenye mikunjo simamisha tepu kwa ukingo wake ifuate mstari. Bega la mbele na la nyuma lazima yalingane, na ubavu vilevile. Tundu la mkono, mbele na nyuma kwa pamoja, likiwa 44 cm, kichwa cha mkono (ukingo wa juu wa mkono wa fulana unaoshonwa kwenye tundu hilo) kiwe 44 hadi 46 cm. Faili la kitapeli laweza kuja na 52 cm. Hizo 8 cm za ziada hazina pa kwenda, zitajikunja begani, na hakuna ufundi utakaozimeza. Mkanda wa shingo nao huwa karibu asilimia 80 hadi 85 ya mzunguko wa shingo ya fulana: shingo ya 56 cm inataka mkanda wa 45 hadi 48 cm. Ukipewa mkanda wa 56 cm, shingo italegea na kufanya mawimbi.

Ulaghai mwingine umo kwenye saizi. Badala ya kuchora kila saizi, wanaikuza ndogo kama fotokopi. Linganisha ndogo na kubwa: kifua kikitoka 84 hadi 116 cm, na upana wa shingo ukatoka 18 hadi 25 cm, vimekua kwa kiwango kilekile, yaani karibu asilimia 38. Shingo ya binadamu haikui hivyo. Mwenye saizi kubwa atavaa fulana inayomdondoka mabegani.

Tuwe wa haki lakini. Vipimo vikikubali vyote na bado cherehani inaruka mishono, tatizo huenda ni sindano: weka yenye ncha ya mviringo, namba 75 au 80. Mshono ukikatika unapovuta, tumia zigizaga nyembamba, urefu 2.5 mm na upana 1 mm. Hayo usimdai mtu pesa.

Vipimo visipolingana, piga picha ya karatasi ikiwa na tepu juu yake, hifadhi tangazo, risiti na faili, kisha fungua malalamiko kwenye jukwaa ulilonunulia au kwa kampuni uliyolipia. Muuzaji atakuahidi "faili lililorekebishwa" kesho, kesho kutwa, wiki ijayo. Usiyafunge malalamiko kwa ahadi hiyo. Muda wa kudai huwa na kikomo, naye anajua.